Wanaume Wanane na Chungu Kimoja

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa miezi minane mgongoni, cheti cha kidato cha nne sandukuni, na mume mlevi. Miaka ya sabini ilikuwa inaanza na sisi tulikaa mtaa wa Manyatta, karibu na ziwa. Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka boti rangi. Siku ambazo mikono haikutetemeka alikuwa fundi kweli kweli, lakini siku hizo zilikuwa zimeanza kuadimika.

Muuguzi wa kliniki aliniona nimenuna siku ya kumpima mtoto uzito, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia bila kuzunguka. Akasema kuna wanaume walioacha pombe, hukutana kila Jumamosi alasiri wasaidiane wasiirudie. Ni wapi hasa, hakujua.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Jumamosi hii unakwenda kwenye huo mkutano. La sivyo mimi na mtoto tunarudi kwetu Pap Onditi, na kutufuata usitufuate."

Akacheka. "Utafute kwanza. Ukiupata, nitakwenda."

Alijua anachosema. Hebu wewe jaribu kuzunguka Manyatta na mtoto mgongoni ukiuliza watu wa pombe wanakutana wapi. Kwa siku mbili nilielekezwa kwa wapika pombe ya chang'aa watano, na mmoja wao alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye siku zote nilidhani ni mshonaji. Mama mmoja alinionea huruma sana. "Nyar Nyakach," akaniita, binti wa Nyakach, maana ndiko kwetu, "mtoto bado ananyonya. Si ungengoja kidogo?" Nilichomjibu siwezi kukiandika hapa.

Ijumaa muuza samaki mmoja akanielewa. "Kaka yangu yumo," akasema. "Saa tisa, banda la kushonea nyavu, kule ufukweni."

Jumamosi mume wangu alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akanifuata huku akipiga mluzi. Alikuwa na hakika hatutakuta kitu. Nikasukuma mlango wa banda.

Wanaume wanane walikuwa wameketi duara, magoti yakigusana. Katikati palikuwa na chungu kikubwa, na kila mmoja ana oseke mdomoni, ule mrija mrefu wa kunywea pombe ya chungu. Walikuwa wanavuta macho yamefumbwa. Mmoja alicheua.

Mume wangu akasimama wima kama askari. "Mama Toto," akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu harusi, "mkutano huu nimeupenda."

Nililipuka. "Hamna haya nyinyi? Hata muuguzi mmemdanganya! Wake zenu wanajua mko hapa?" Nikakamata ukingo wa chungu nikimwage nje.

Mzee mmoja mnene akakizuia kwa mikono miwili. "Mama, polepole. Chungu hiki nimekibeba kutoka nyumbani."

"Utakirudisha vipande!"

Sisi tukivutana, mume wangu alikuwa ameshapata kigoda. Mtu alisogea akampa oseke. Akavuta mvuto mrefu, mashavu yakaingia ndani. Ghafla akaacha. Akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Ni uji," akasema, kama mtu anayetangaza msiba.

Banda zima likaangua kicheko. Mzee akanieleza kwamba ni uji wa wimbi, mwepesi, uliopoa. Kila mmoja wao alijaribu kuacha pombe peke yake nyumbani akashindwa, kwa sababu alichokikosa zaidi ni kukaa hivi na wenzake akiongea. Basi chungu wakakibakiza, wakabadilisha cha ndani.

"Na kila mmoja wetu siku ya kwanza," mwenzake akasema huku akifuta machozi, "alikuwa na uso huo huo, Mama!"

Mimi sikucheka. Mume wangu alikuwa ameinuka. "Nimekuja, nimeona. Twende nyumbani."

"Nenda wewe," nikamwambia. "Mimi barabara ya kwetu naijua." Nikaikaza kanga ya mtoto mgongoni.

Mzee hakumbembeleza. "Bwana, hapa aliyeshika oseke husema jana yake. Ya jana tu. Ukishasema, mlango ule pale."

Mume wangu akautazama mrija uliokuwa bado mkononi mwake.

"Jana nilikunywa," akasema. "Nikamwambia mke wangu nilikuwa kwenye matanga ya mjomba." Akanigeukia. "Mjomba ni mzima. Juzi tulikutana sokoni."

Hapo nilicheka mpaka mtoto akaamka. Matanga hayo mimi niliyatolea pole! Lakini lilikuwa neno la kweli la kwanza katika mwaka mzima, naye baada ya kulisema akaketi tena.

Sitawadanganya kwamba pombe iliisha siku ile. Kabla ya Krismasi alianguka mara mbili. Kila mara mzee yule alikuja asubuhi, akasimama nje ya mlango wetu akaita, "Bwana! Uji unakungoja!" mpaka majirani wote wakatoka kuchungulia. Aibu hiyo mimi niliipenda. Kwetu sikurudi.

Baadaye wale wanaume walikuja na mpango kwamba wake zao ndio wawe wanapika uji. Nikawauliza, "Pombe mmeacha, uvivu je? Pikeni wenyewe!" Wakapika. Mpaka leo uji wa asubuhi anapika mume wangu, na ni mtamu kuliko wangu, ingawa simwambii.