Tiara ya Bei Moja

Juzi pale Mitwero, muuza mitumba alifungua belo zikatoka tiara mbili za kitambaa, zile za kuchezea ufukweni zenye kamba mbili na vishikio. Moja ilitosha kuwa foronya, nyingine shuka la sita kwa sita.

Mama mmoja mwenye mwili wake, muuza samaki, akaitanua ile kubwa na kuipima kwa mikono kama kitambaa cha dera.

"Mama, kama ndiyo mara ya kwanza, anza na ndogo," muuzaji akamwambia. "Hiyo inavuta."

"Utotoni kaka zangu wakirusha tiara, mimi nilikuwa kisimani navuta ndoo. Leo bei ni moja, halafu nichukue kipande?"

Muuzaji na sisi wateja wengine tukamfuata pwani akaijaribu. Upepo ulipoijaza, kamba zikalia. Mama akaondoka, ndala zikabaki. Visigino vyake vilichimba mifereji miwili mchangani mpaka alipoachia vishikio.

Hakuna aliyecheka. Alirudi akitazama viganja vyake.

"Tangu nizaliwe upepo huu unanipita usoni," alisema taratibu. "Kumbe una mikono! Nipe ndogo."

Mimi nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikaongeza vibanio kwenye kamba ya nguo.