Fundi Saa na Mbio za Mablanketi

Duka la Fundi lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, limebanwa kati ya bucha na duka la dawa. Mteja akipiga chafya humo ndani, Fundi hufunika meza kwa viganja vyote viwili, maana skrubu ya saa ya mkononi ikishaanguka sakafuni ndiyo basi tena. Alikuwa mwembamba, mwenye lenzi jichoni tangu asubuhi hadi jioni, na kwa jambo moja alikuwa na majivuno yasiyofichika: akisema ni saa nne na dakika saba, basi ni saa nne na dakika saba. Hata redio aliisikiliza kwa kuishuku.

Mbio zenyewe zilianza kwa ubishi. Ilikuwa siku moja kabla ya mwaka mpya. Jirani yake mwenye bucha, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, aliingia na saa yake aliyotengenezewa na Fundi, akaitupa mezani.

"Fundi, saa yako hii inanitukana. Jana nimetoka posta mpaka hospitali kwa miguu, inaniambia nimetumia saa nzima na dakika kumi. Mimi? Saa nzima?"

Fundi aliifungua saa, akaichungulia, akaifunga. "Jirani, saa ni nzima. Anayechelewa ni mwingine."

Wateja wa dirishani wakaangua kicheko. Mwenye bucha akaapa kwamba njia ileile, kilomita tano kamili, angeikimbia kwa dakika thelathini. Fundi akasema kesho ni sikukuu, kazi hakuna, tuone. Wakawekeana sharti: atakayeshindwa apeleke blanketi wodi ya watoto. Hilo lilimjia Fundi bila kufikiri, kwa sababu wiki ileile binti yake mdogo alikuwa amelazwa kwa homa, na yeye mwenyewe aliona kwa macho yake watoto wawili wakivutana blanketi moja, huyu miguu nje, yule mgongo nje.

Mwenye bucha alitumia dakika arobaini na moja. Alifika kwenye lango la hospitali ameshika mbavu, akalala chali kwenye nyasi, na muuguzi mkuu akatoka mbio akidhani ni mgonjwa. Blanketi alilipeleka siku hiyohiyo, zito, la mistari, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake.

Wangeishia hapo, lakini mwaka uliofuata, sikukuu ilipokaribia, watu walianza kupita dukani wakiuliza, "Mwaka huu mnakimbia saa ngapi?" Wakakimbia kumi na wawili. Mwaka wa tatu wakawa sitini, na mablanketi yakapakiwa kwenye mkokoteni uliofika baada ya watu kwisha kwenda zao. Muuguzi mkuu akasema hapokei tena mzigo wa mchana peke yake kama mpagazi. Kila mtu aje na lake begani. Basi ikawa sheria. Kiingilio ni blanketi, na blanketi unakimbia nalo. Wengine walilifunga mgongoni kama mtoto, wengine kiunoni, wengine shingoni, na likilegea njiani unalikanyaga na kuanguka mbele ya shemeji zako.

Kazi ziligawanywa bila kikao. Mke wa Fundi, mwalimu wa darasa la pili, alileta filimbi ya shule na kuanzisha mbio pale posta. Fundi alibonyeza saa ya kupimia mbio, kisha akarukia kiti cha nyuma cha pikipiki ya mwenye bucha, aliyekwisha kuapa kwamba hatakimbia tena maishani. Wakakata njia ya mkato kupita kiwanda cha mbao, wakafika langoni kuwapokea wakimbiaji. Mchoraji wa mabango akatundika ubao langoni wa kuandikia wenye rekodi. Yeyote aliyeuliza kama muda ni sahihi aliambiwa, "Amepima Fundi," na mjadala ukafungwa.

Mwaka wa saba ndipo Fundi alipokosea.

Asubuhi ile daktari wa wilaya alikuja posta kutazama mbio. Akamnyooshea mkono: "Fundi, saa yangu imesimama tangu jana. Au leo hufanyi kazi?" Mtu mwingine angesema ngoja, mbio zinaanza. Fundi alichomoa bisibisi yake ndogo mfukoni, akaufungua mfuniko wa nyuma palepale, amesimama, watu wakimtazama kwa kustaajabu. Alikuwa na skrubu midomoni na lenzi jichoni filimbi ilipolia. Watu mia mbili wakapita mbele yake na mablanketi yao. Akairudisha skrubu, akaufunga mfuniko, saa ya daktari ikaanza kugonga, akapigiwa makofi. Akarukia pikipiki huku akitabasamu.

Walipofika kiwanda cha mbao akaitazama ile saa ya mbio. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Hakuwa ameibonyeza.

Aliibonyeza hapohapo, pikipiki ikirukaruka kwenye mashimo, na akaanza kukisia: skrubu, mfuniko, makofi, njia ya posta mpaka hapa... dakika tatu? Tatu na sekunde ishirini. Ndiyo, tatu na ishirini. Mwenye bucha alikuwa mbele yake akiimba, hana hili wala lile.

Na kama kwa makusudi, ikawa mwaka huohuo. Msichana wa miaka ishirini na minne, karani mpya wa posta ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alitokea kwenye kona peke yake, wanaume watatu tu wakiwa mbele yake, blanketi la kijani limebana mgongoni kana kwamba limeshonwa. Saa ilisema dakika kumi na nne na sekunde ishirini. Fundi akajumlisha, akatangaza, "Kumi na saba na arobaini!"

Watu walilipuka. Rekodi ya wanawake ilikuwa imevunjwa kwa zaidi ya dakika mbili. Siku hiyo wakambatiza jina la Mshale, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mabosi wake. Mchoraji akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: Mshale, 17:40.

Fundi alisema moyoni atarekebisha kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Halafu Mshale akaolewa na mwalimu wa michezo aliyemwona siku ileile ya mbio, akazaa, akaacha kukimbia, na ubao ukawa unapakwa rangi upya kila baada ya miaka miwili. Fundi akawa anapita lango la hospitali akitazama upande wa pili wa barabara. Mkewe alimuuliza mara moja kama shingo inamuuma.

Miaka kumi ilipita hivyo.

Mwaka wa kumi na saba, mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikimbia vizuri mno. Alikuwa binti mrefu, mpole, aliyeamka kila alfajiri kufanya mazoezi kabla ya zamu, na kila mtu hospitalini alijua anachokitafuta. Alivuka mstari, Fundi akabonyeza. Safari hii alikuwa amebonyeza mwanzo na mwisho, kidole kikiuma kwa kuogopa kusahau.

"Kumi na saba na arobaini na nne," alisema.

Binti akautazama ubao. Akalikumbatia blanketi lake, akakaa chini ukingoni mwa barabara, akalia bila sauti. Wenzake wakamzunguka: "Sekunde nne tu, dada! Sekunde nne! Mwakani utaipata."

Fundi alisimama pale na saa mkononi. Sekunde nne ambazo mtoto wa watu alikuwa akizililia zilikuwa zake yeye. Alizitunga mwenyewe juu ya pikipiki.

Mchana huo hakula. Mkewe akaweka kijiko chini. "Haya, sema."

Akasema yote, kuanzia saa ya daktari. Mkewe alisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza watoto wa darasa la pili waliovunja kioo.

"Na mimi nilipiga filimbi karibu na sikio lako," alisema.

"Ulipiga."

"Hukusikia?"

"Nilisikia, Mwalimu. Nilikuwa nangoja makofi."

Mkewe alicheka, kisha akaacha. "Mshale asije akayasikia haya sokoni. Nenda umwambie mwenyewe kwanza."

Jumatatu Fundi alipanga foleni posta kama watu wengine. Mshale alikuwa dirisha la vifurushi, amenenepa kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Fundi! Unatuma wapi?"

"Situmi. Nimekuja kukwambia jambo, binti yangu. Ile rekodi yako... sikuipima. Nilisahau kubonyeza. Nilikisia."

Mkono wenye muhuri ulibaki hewani. "Ulikisia."

"Dakika tatu na sekunde ishirini za mwanzo. Inawezekana ulikimbia kasi zaidi ya hapo, inawezekana pungufu. Sijui. Hakuna anayejua."

Alipiga muhuri kifurushi kilichokuwa mbele yake, kwa nguvu iliyoishtua foleni nzima. "Nimewasimulia wanangu habari hiyo mpaka wameichoka. Mume wangu huitaja kwa wageni kabla hata hajataja jina langu." Akapiga muhuri mwingine. "Nenda, Fundi. Nina watu hapa."

Kwa wiki tatu hawakusemeshana. Fundi alifanya kazi kwa kichwa kizito. Akaweka mshale wa dakika kinyume kwenye saa ya sonara, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mwanagenzi. Halafu Jumamosi moja Mshale aliingia dukani, akageuza kigoda, akakaa.

"Nimefikiri. Siku ile wanawake wote niliwaacha nyuma. Kweli au uongo?"

"Kweli tupu. Uliwaacha mbali, tena mbali sana."

"Basi ushindi ulikuwa wangu. Dakika ndizo zilizokuwa zako." Alimkata jicho, lakini pembe ya mdomo ilikuwa imeanza kulegea. "Nitakimbia tena mwakani. Na yule binti wa uuguzi nimeshaongea naye, tutafanya mazoezi pamoja. Ila kuna sharti."

"Lolote."

"Utawaambia watu wote, kwa kipaza sauti. Na ukishawaambia, unakimbia na wewe. Na blanketi."

"Mimi? Nina miaka sitini!"

"Mimi nina watoto watatu," alisema Mshale, akasimama. "Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya posta. Usichelewe, wewe si ndiye mwenye saa?"

Mwaka mzima mtaa ulipata burudani ya bure. Fundi alikimbia kwa viatu vya kanisani mpaka mkewe akamnunulia raba. Wiki ya kwanza hakufika hata kiwanda cha mbao. Muuza dawa wa jirani alikuwa akimwekea kigoda mlangoni na kumuuliza kama anataka dawa ya kuchua kwa kijiko au kwa ndoo. Mshale na mwanafunzi wa uuguzi walimpita wakienda, wakampita tena wakirudi, wakimsalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Fundi." Naye hakuwa na pumzi ya kuitikia.

Siku ya mwaka mpya ilipofika, alishika kipaza sauti mbele ya watu mia tano. Alieleza bila kutia chumvi wala kupunguza: saa ya daktari, skrubu, kiwanda cha mbao, dakika tatu na sekunde ishirini. Akamaliza kwa kusema, "Nawaomba radhi, na Mshale namwomba radhi mbele yenu."

Kisha sauti ya mwenye bucha ikatoka nyuma ya umati: "Mimi ndiye niliyekuendesha! Miaka yote hii umekaa nyuma ya mgongo wangu na siri hiyo? Ndiyo maana pikipiki ilikuwa nzito!"

Kicheko kilipita posta nzima, na Fundi akahisi mabega yake yameshuka kutoka masikioni. Mkewe hakuwapa muda wa kuendelea. Filimbi mdomoni, saa mkononi, saa nyingine shingoni kwa tahadhari, alipuliza, akabonyeza zote mbili, akapanda pikipiki.

Mwanafunzi wa uuguzi alifika kwa dakika kumi na saba na sekunde thelathini na moja. Alipoambiwa alimzungusha mke wa Fundi mzimamzima kwa kumkumbatia. Mshale alifika wa nne kati ya wanawake, kwa dakika kumi na tisa na sekunde sita, mume wake akipiga kelele ukingoni mpaka sauti ikakauka, na watoto wake watatu wakitazama mama yao jasho likimtiririka kana kwamba ndiyo kwanza wanamwona. Mchoraji alikuwa tayari na kopo lake. Chini ya rekodi mpya Mshale akamwomba aache jina lake kwenye mwaka ule wa saba, bila dakika. Wakaandika: Mshale, wa kwanza.

Fundi alifika wa mwisho. Saa nzima na dakika mbili, ikiwemo dakika sita alizokaa juu ya gogo kiwandani. Mwenye bucha alikuwa amemchagulia blanketi mwenyewe, la sufu, uzito wake kama mbuzi, na Fundi alilifikisha limeburuzika vumbi upande mmoja. Muuguzi mkuu alilipokea kwa vidole viwili, akalitikisa, akamwambia akakae kivulini.

Alipokuwa ameketi pale, raba kavua, muuguzi mkuu alirudi na kuketi kando yake. Alisema mablanketi sasa yanatosha, kabati hazifungiki, na kila kitanda kina mawili. Kinachokosekana ni mabeseni ya kuogeshea watoto.

"Mabeseni," alisema Fundi.

"Makubwa. Ya plastiki."

Fundi aliwafikiria watu mia tano wakiteremka barabara na mabeseni, upepo wa asubuhi ukivuma kutoka mbele. Akamwita mwenye bucha aje asikie.