Bi Khole Alivyopiga Marufuku Kiswahili

Shangazi yangu Bi Khole amechoka tangu nimjue. Ukimwuliza habari za asubuhi anakujibu "Nimeamka," kisha anakuachia ukadirie mwenyewe kama hiyo ni nzuri au mbaya. Anakaa Sib, huku Omani, nyumba ya serikali, yeye na mjukuu wake Ghadeer, msichana wa miaka tisa aliyeletwa mwaka jana kutoka Mwanza, baba yake, Badr mtoto wa Bi Khole, alipofunga duka na kupata kazi Duqm, mbali na Sib. Mimi, baba mdogo wa Ghadeer, ndiye dereva wao. Diploma yangu imesimama katikati, kwa hivyo ukoo umeamua kwamba nna wakati.

Mtoto alikuja na Kiswahili kingi na Kiarabu cha kwenye sala tu. Shuleni akawekwa nyuma, na wenzake wakamwita kwa rangi yake kabla hawajalijua jina lake.

Mwaka huu serikali ikaleta mpango. Watoto wenye asili ya Afrika wanaobaki nyuma darasani watapewa mwalimu anayejua Kiarabu na Kiswahili, asubuhi, halafu warudi kwa wenzao wa umri wao. Mtoto asiye na Kiarabu akikosa nafasi hiyo, anarudishwa darasa la kwanza. Ustadha Maram kutoka idara ya elimu angekuja kuzungumza na kila mtoto kwa lugha zote mbili, aone nani anafaa.

Bi Khole alielezwa yote haya. Alichosikia ni kwamba mgeni wa serikali anakuja kusikiliza nani anasema Kiswahili, na mtu wa umri wake akisikia hivyo hafikirii msaada. Yeye aliletwa kutoka Unguja ana miaka kumi na moja, akatiwa darasa la kwanza na watoto wa miaka sita, magoti hayaingii chini ya meza. Akavumilia mwaka, akaacha. Ukubwani akapata kazi ya kupika chai kwenye shule hiyo hiyo anayosoma Ghadeer sasa, na muda wote aliobeba sinia mle ndani, hakuna aliyemsikia akitamka neno la Kiswahili. Walimu walidhani ni mtu wa Sur, mzaliwa wa huku huku.

"Na mimi nikawaachia wadhani," anasema.

Basi akapiga marufuku. Wiki nzima kabla ya Ustadha Maram kuja, nyumba ikawa ya Kiarabu. Na Kiarabu chenyewe cha Bi Khole ni cha sokoni na cha kugombana na fundi wa eisii. Mtoto akitaka maji alikuwa anaonyesha jagi kwa kidole.

"Shangazi, huyu atasahau kusema kabisa."

"Ungesahau wewe tungepumzika."

Siku yenyewe ilipofika akamshika Ghadeer kidevu mlangoni. "Neno moja la Kiswahili lisikutoke kule. Umenifahamu?"

Mtoto mtiifu. Ustadha Maram akamwuliza kwa Kiarabu, kimya. Akamwuliza kwa Kiswahili, kimya zaidi. Akamwonyesha picha ya paka. Ghadeer akamwangalia paka, paka akamwangalia Ghadeer. Mchana simu ikaja: mtoto haonekani kufahamu lugha yoyote, mpango haumfai, aanze darasa la kwanza, na apimwe masikio.

Bi Khole akakaa kwenye ukingo wa kitanda, buibui bado mwilini.

"Anakwenda kukaa pale pale nilipokaa," akasema. "Na safari hii nimempeleka mimi."

Nilikuwa na mzaha tayari. Badala yake nikampa simu.

Akaomba mtoto asikilizwe tena, na Ustadha Maram akakubali. Tulimkuta ofisini na mwalimu mkuu, macho ya Ustadha mekundu kwa kuzunguka mashule.

"Haya Ghadeer," Ustadha akasema kwa Kiswahili, "leo umekula nini?"

Ghadeer akamtazama bibi yake.

"Sema, binti," Bi Khole akamwambia kwa Kiarabu. Mtoto akazidi kuufunga mdomo. Marufuku haijaondolewa, na aliyeiweka mwenyewe bado anasema Kiarabu.

Bi Khole akamwangalia mwalimu mkuu, ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimtilia chai. Akashusha pumzi, akakitoa Kiswahili chake cha Malindi ya Unguja mle mle ofisini.

"Wewe mtoto, mbona jana umeuacha mkate wa kumimina sahanini? Nimesimama jikoni na miguu hii kwa ajili ya nani?"

Mwalimu mkuu akainua kichwa.

Ghadeer akafikiri kidogo. "Ulikuwa mbichi katikati, Bibi."

"Mbichi?"

"Na iliki nyingi. Nilitaka kukwambia, ukasema niseme Kiarabu, na mimi iliki kwa Kiarabu siijui. Na baba mdogo mkate wake alimpa paka, akaniambia nisimsemee."

Nikaangalia dari. Ustadha Maram alikuwa anaandika huku anajizuia kucheka. Akamwuliza ya Mwanza, ya mama yake aliyebaki huko, ya darasani. Mtoto akamwaga yote, mpaka majina anayoitwa na wenzake. Hapo kalamu ikasimama, na mwalimu mkuu akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

Nafasi akaipata. Aanze Jumapili, siku ya kwanza ya wiki huku.

Mlangoni mwalimu mkuu akasema, "Miaka yote hii, Umm Badr, sikujua."

"Hukuuliza," Bi Khole akamjibu, akapita.

Garini nikamwambia watoto wa pale wameshalipachika lile darasa jipya jina baya.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa atakwenda na jina baya, atarudi na Kiarabu. Mimi nilirudi na jina peke yake. Washa eisii."

Ghadeer akaingiza kichwa katikati ya viti. "Bibi, sasa naruhusiwa?"

"Sema. Lakini taratibu, kichwa kinaniuma."

Akasema. Maneno ya wiki nzima aliyokuwa ameyakalia yakatoka yote, kutoka shuleni mpaka nyumbani, bila kituo. Bi Khole alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kioo, na kila mara mtoto alipovuta pumzi yeye akaitika, "Enhe."