Walivyozibandua picha za wanafunzi wangu Bariadi "kuzirekebisha", mwenyekiti akavaa mdomo wa mke wa mtu

Mwangaluka wakuu. Haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite kimya kimya.

Ilikuwa enzi za ruksa. Simiyu haijawa mkoa, bado tuko chini ya Shinyanga. Nilikuwa nimerudi Bariadi na diploma ya sanaa.

Sikulipiwa na mjomba wala padri. Nilijisomesha kwa kuandika vibao vya maduka Mwanza. Wilaya nzima hakuna mwingine aliyekuwa na diploma hiyo. Huo ni ukweli, sijisifu.

Nikapewa darasa la sanaa kwenye sekondari moja ya wazazi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mnunuzi binafsi wa pamba, tajiri wa juzi tu biashara ilipofunguliwa. Alishatamka: wazazi wasipoipenda kazi yangu siku ya mahafali, chumba cha sanaa kinakuwa stoo ya mahindi.

Nikawapa wanafunzi kazi ya kisomi. Mchore mtu mara mbili, kwa mbele na kwa ubavuni. Kata michoro yote kwa wembe, vipande virefu virefu. Vipange upya, cha huku na cha kule, bandika kwa uji wa muhogo. Unapata sura inayokutazama huku imegeukia pembeni.

Wengi walichora wazazi wao; Kabula, binti wa form three kutoka Sola, alimchora mwenyekiti mwenyewe. Ilikuwa kali.

Sasa oneni ushamba. Jumamosi nikiwa msibani Lagangabilili, mwalimu wa nidhamu akaingia, akaona "picha zimeharibika". Akazilowesha, akabandua vipande, akavichanganya mezani, akaanza kuunganisha watu! Vilivyomshinda akatia kapuni. Na huyo ndiye alikuwa akiniita fundi rangi.

Niligundua kesho yake, asubuhi ya mahafali, zimeshatundikwa, wazazi wameshajaa. Mzee mmoja akasimama mbele ya picha ya mwenyekiti.

"Mwalimu, huu mdomo ni wa mke wangu. Umefikaje kwa mheshimiwa?"

"Mzee, kaa chini," mwalimu wa nidhamu akasema.

"Nikae? Mayu, mama watoto, hebu njoo uone mdomo wako unapolala siku hizi!"

Ukumbi mzima kicheko.

Nikaona chumba changu kinakwenda. Nikashusha ile picha, nikaleta lile kapu na sufuria ya uji, nikamwambia Kabula aipange upya hapohapo, mbele ya watu. Akavipanga vipande kimoja kimoja bila kubahatisha. Nilimfundisha mimi.

Alipoinyanyua, yule mama mwenye mdomo wake akapiga vigelegele.

"Eeh, sasa ndiye! Jicho moja linakuchekea, jingine liko kwenye mizani!"

Wakulima wa pamba, wanaoijua mizani yake, walisimama kushangilia. Waliipenda, tena sana. Aliyebaki ameketi ni mwenyekiti peke yake.

Jumatatu nikakuta magunia ya mahindi yamepangwa hadi dirishani.

Funzo nililopata: picha iliyoharibiwa aliivumilia. Iliyofanana naye ndiyo iliyotufukuza. Tajiri mshamba akikuagiza usanii, ujue anataka kioo kinachodanganya.

Kabula nilimfundishia barazani kwangu mpaka akamaliza shule, bure, na picha ile yule mama wa mdomo aliichukua akaitundika sebuleni kwake.

Nyie shuleni kwenu chumba cha sanaa kiligeuzwa nini? Semeni. Na anayetaka kumtetea yule mwalimu wa nidhamu aje, ila aje amejiandaa.