Nilivyotetea utafiti wangu wa vitamini D kwenye duka la asali, Isevya

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Asali labda.

Nilikuwa namalizia masters ya biolojia. Defense ilikuwa online, na mimi nilikuwa nyumbani kwetu Cheyo, hapa Tabora.

Nusu saa kabla ya kuanza, umeme ukakatika.

Nikadaka bodaboda mpaka Isevya kwa shangazi Mwajuma. Yeye anauza asali na dukani ana sola. Nikaweka laptop juu ya madumu, kazi ikaanza.

Kwa wasiojua: nilisoma kipokezi cha vitamini D. Ni protini iliyo ndani ya seli. Vitamini ikinasa pale, kinaenda kwenye DNA na kuwasha jeni. Ila kuna jeni ambazo kinazizima, na hapo ndipo penye utafiti wangu.

Slide zilienda poa hadi profesa mmoja akauliza, "Kipokezi hiki tunakijua kwa kuwasha. Kinazimaje?"

Wakuu, Kiingereza chote kikahama kichwani. Nikaona miaka miwili inaondoka hivihivi.

Shangazi akaninong'oneza, "Si useme kama ulivyonieleza jana tukipika?"

Mic ilikuwa wazi! Profesa akacheka. "Sema hivyohivyo, kwa Kiswahili."

Nikavuta pumzi. "DNA imezungushwa kwenye protini. Ikilegea, jeni inasomeka. Ikikazwa, haisomeki. Kipokezi kikifika pale kinaita vimeng'enya vinavyobandua alama za kemikali zinazoilegeza. DNA inakazwa, jeni inanyamaza. Na jeni niliyosoma ndiyo inayosaidia kukamilisha vitamini D yenyewe. Vitamini ikitosha, mwili unafunga bomba."

Kumbe mlangoni kasimama mzee mmoja mfugaji nyuki wa Ntalikwa, kaleta ndoo ya asali, anasikiliza. Akauliza kwa sauti, "Sasa vitamini ikipungua, wanafungua tena?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Swali zuri hilo," profesa akasema. "Mjibu mzee."

"Ndiyo, mzee wangu. Alama zinarudishwa, DNA inalegea, jeni inasomwa tena. Haikufutwa, ilifungwa tu."

"Basi nimekuelewa, mwanangu," akasema, ndipo akatua ndoo.

Maprofesa wakanitoa kwenye kikao wajadiliane. Shangazi alifuta meza ileile mara sijui ngapi.

Waliponirudisha: nimefaulu, marekebisho madogo!

Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, inanata asali. Mimi nalia na kucheka.

Nilichojifunza ni kwamba nilikariri Kiingereza nikadhani nimeelewa. Siku hizi kila ninachosoma namweleza shangazi kwanza. Akisema "hapo umeniacha", narudi kwenye kitabu.

Haya, nawe ulitetea yako ukiwa wapi, na nani alikuokoa? Shusha hapa tufurahi wote.