Siku Mizani Ilipofika

Darasa zima la Muthoki lilimjua mwalimu wa kemia kwa vidole vyeupe vya chaki na neno lake moja. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, anakujibu, "Sawazisha kwanza!" kana kwamba mvua nayo ni mlinganyo. Miaka yote shule yao ya Kitengela ilikosa mizani, kwa hivyo gramu zilipimwa ubaoni tu. Siku mizani ilipofika, aliandika jibu mapema: gramu 8.4 za bikaboneti zikichomwa, zitabaki 5.3 za magadi. Wakachoma, wakangoja unga upoe. Akafunga madirisha, kisha akaziba hata pua yake, upepo usiguse mizani.

"Tano nukta tatu, mwalimu," Muthoki akasoma.

Mwalimu akatafuta stuli, akaketi. "Hebu soma tena."

"Tano nukta tatu."

"Wacha!" akanong'ona. "Kumbe hii kitu ni ya ukweli!"