Uso Chini ya Kofia

Namshukuru Mungu kwa macho aliyonitunzia hadi uzee huu. Nimepiga picha Kariakoo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na Jumapili nimefundisha vijana wa kipaimara kanisani. Niliwafundisha habari za majivuno kana kwamba ni ugonjwa wa watu wengine.

Mama mmoja muuza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi, mwenyeji wa Kilimanjaro kama mimi, alitimiza na mumewe miaka thelathini ya ndoa. Baada ya ibada ya shukrani walitaka picha mbele ya duka lao. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini. Mama alivaa gauni jeupe na kofia pana aliyoitafuta kwa ajili ya siku ile. Kwa kawaida alikwepa kamera. Akiona simu imeinuliwa anageuza uso. Siku hiyo alikubali kwa ajili ya kofia.

Watu wengi hudhani flashi ni ya gizani. Jua likiwa kali juu ya kichwa, macho hujaa kivuli, na chini ya kofia uso hupotea. Kamera hupima weupe wa gauni na mwanga wa barabarani, ikauacha uso wa rangi yetu gizani. Hapo unawasha flashi, unaipunguza nguvu, mwanga uingie kidogo tu chini ya ukingo wa kofia, mtu asijue kwamba taa iliwashwa. Hayo niliyajua tangu ujana. Nikaipachika flashi juu ya kamera, nikabonyeza kuijaribu, ikamulika.

"Oya, babu!" akaita muuza mikanda ng'ambo ya barabara. "Jua lote hili bado unawasha taa?"

"Mwache," mwenzake akadakia, "anamulikia jua lisipotee njia!"

Kicheko kikasambaa hadi kwa wauza viatu. Mume akacheka, na mama naye akacheka chini ya kofia yake. "Mzee, hawa watatumaliza," akasema.

Ningeweza kutabasamu tu na kuendelea na kazi. Lakini mimi, fundi mkongwe, nilisikia aibu kama mtoto. Nikazima flashi. Nikapiga mara tatu. Kwa jua lile sikuona vizuri kwenye kioo cha kamera. Niliona gauni linang'aa, nikaridhika haraka.

Nilipowapelekea picha, mama alifurahi. "Kofia imetoka!" alisema. Chini ya kofia palikuwa peusi. Mumewe aliitazama, akanitazama, hakusema neno. Nami sikusema.

Mwaka jana presha ilimchukua mama ghafla. Kesho yake asubuhi mumewe alikuja studio kwangu, Mchafukoge, ameishika picha ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, baba."

"Ni ya kuweka mezani, watu wakija. Hatuna nyingine. Naomba unitolee uso wake."

Nilikaa kwenye kompyuta saa nzima, yeye nyuma yangu. Kila nilipoongeza mwanga, shavu lilitokea la kijivu, lenye chengachenga, na macho hayakuonekana. Hapakuwa na uso uliojificha ndani ya kivuli kile; kamera haikuupata tangu mwanzo. Nikamshauri tuikuze picha ya kitambulisho cha mama. Akakitoa mfukoni, akakitazama, kicheko kifupi kikamtoka na kukatika.

"Huyu si mke wangu. Huyu ni mtu anayeogopa serikali. Mke wangu ni yule pale, anacheka."

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Taa nilikuwa nayo. Niliizima kwa kuogopa kuchekwa."

Akakirudisha kitambulisho mfukoni.

"Nililiona siku ile uliyotuletea picha, mzee. Nikaona haya kukwambia, na yeye alivyofurahi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ichapishe hivyohivyo."

Niliichapisha kubwa, nikaitia fremu kwa mikono yangu mwenyewe, nikiomba msamaha kwa kila msumari. Msibani Magomeni iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mwili ukiwa bado haujaletwa. Nilikaa karibu nayo, kwa sababu niliona si haki nikae mbali. Watu waliinama, wakautafuta uso, wakainuka. Hakuna aliyeuliza nani aliipiga. Nilimshukuru Mungu kwa huruma yao, ingawa ilinichoma kuliko maneno.

Jioni dada wa marehemu aliwasili kutoka Tanga. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Alisogea mezani, akainama, akashika ncha ya khanga yake na kuanza kufuta kioo pale chini ya kofia. Akatazama. Akafuta tena, kwa nguvu zaidi.

Nikanyanyuka kwenda kumwambia kwamba si vumbi.